Neno Ambalo Sikulitafsiri

Binti yangu aliingia kwenye kikundi cha maigizo kwa kumfuata rafiki yake, si kwa kutafuta ukoo. Alikuwa na miaka kumi na sita. Jumatano shule hufungwa mchana, na yeye alikuwa akifika nyumbani, hapa Berchem, pembeni mwa Brussels, anakula amesimama, kisha anajifungia chumbani na simu yake mpaka baba yake arudi kazini. Rafiki yake wa darasani, msichana wa Kiamazigh ambaye wazazi wake walitoka milima ya Rif kule Moroko, akamwambia kuna ukumbi nyuma ya maktaba ya komini, manispaa yetu, ambako vijana wanatunga mchezo wao wenyewe. Nilifurahi. Nikadhani ni yale maigizo ya watoto, ya wafalme na mbwa mwitu, ambayo wazazi huitwa mwishoni mwa mwaka kupiga makofi na kula keki.

Sikuuliza mchezo ulihusu nini.

Mwongozaji wao alikuwa mwanamke mwenye nywele fupi zilizoanza mvi, aliyezaliwa hapa hapa Brussels na mama aliyetoka milima ya Peru. Mama yake alisema Kikechua mpaka alipokufa. Yeye hakurithi hata salamu. Jambo hilo lilimuuma kadiri alivyokua, ndipo akaanzisha kikundi cha vijana ambao bibi na babu zao ni wa yale makabila ya asili, watu waliokutwa na wengine kwenye ardhi yao, wakasukumwa pembeni, na sasa wajukuu wao wamo mjini hawajui hata waulize nini. Kila kijana alitakiwa arudi nyumbani na swali moja: sisi ni watu gani?

Binti yangu alilileta mezani. Mama yangu, anayeishi nasi, alikuwa ameketi kando ya dirisha akichambua majani ya lengalenga, mchicha wa kwetu.

"Maman, sisi ni watu gani?"

"Waswahili wa Buyenzi," nikamjibu. "Tangu lini hujui?"

"Madame anasema Kiswahili ni lugha. Anataka kujua kabila la bibi."

Niliona mikono ya mama ikisimama juu ya majani. Nikawahi kabla hajafungua mdomo.

"Bibi yako ni mtu wa milimani. Kula, chakula kinapoa."

Lazima nieleze kwa nini niliwahi namna ile. Mama yangu ni Mutwa. Kwa asiyejua, Batwa ndio waliokuwa kwenye misitu ya Burundi kabla ya wengine kufika na majembe na ng'ombe wao, na ndio waliokuja kuwa wachache, kisha wa mwisho. Misitu ilipowaishia wakashika udongo, wakawa wafinyanzi. Watu walinunua vyungu vyao, wakawaita wacheze kwenye sherehe zao, lakini hawakunywa nao chombo kimoja. Kirundi kina neno la jambo hilo: kunena. Kwa Kiswahili kunena ni kusema. Kwa Kirundi ni kumwonea mtu kinyaa, usiguse alichokigusa. Nimekua na lugha zote mbili, na nyumbani kwetu maneno hayo yalikwenda sambamba. Ukinena, unanenwa.

Marehemu baba yangu alikuwa fundi cherehani. Alimwoa mama akijua, akamleta Buyenzi, mtaa wa Waislamu pale Bujumbura, ambako mtu akisema Kiswahili na akaonekana msikitini hapekuliwi sana alikotoka. Mama akasilimu, akajifunza kupika pilau, akawa Mswahili. Tuliishi vizuri mpaka siku moja ya matanga kwa jirani. Palikuwa na mgeni aliyezaliwa mlima mmoja na mama. Alimtambua, akamnong'oneza mwenye nyumba. Mwenye nyumba alisubiri mama amalize chai yake, akakichukua kile kikombe kwa pindo la khanga, akaenda kukitupa jalalani nyuma ya ua. Tulikisikia kikivunjika, mama na mimi, tumeketi bega kwa bega kwenye jamvi.

Baada ya hapo tulihamia avenue nyingine, barabara ya upande wa pili wa Buyenzi, mbali kabisa na ile. Mama akanikalisha, akaniambia: "Ukiulizwa, sema sisi ni Waswahili. Usiongeze kitu."

Sikuongeza kitu. Vita vilipokuja tukakimbia, tukaishia Ubelgiji, na bado sikuongeza kitu. Hata mume wangu sikumwambia. Yeye ni mtoto wa Buyenzi kama mimi, na dada yake mkubwa, wifi yangu anayekaa Etterbeek, upande wa pili wa mji, ni mtu wa kujua nani katoka wapi na babu yake alikuwa nani.

Basi ikafika Jumatano ya wazee. Kila kijana alitakiwa aje na mtu mzima wa kwao, aketi katikati ya duara, asimulie. Binti yangu alimwomba bibi yake, na bibi yake akakubali upesi kiasi kwamba nilishtuka. Siku hiyo alivaa kitenge chake cha kijani na mtandio mweupe, akajipaka mafuta ya mikono. Mimi niliomba ruhusa kazini. Ninafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, na mwenzangu alinishikia zamu. Ilibidi niwepo. Mama anasikia Kifaransa kuliko anavyokisema, na binti yangu ana Kiswahili cha jikoni: leta, ondoa, funga mlango, umeshiba? Hadithi ya bibi ilihitaji mtu wa kuivusha. Mtu huyo alikuwa mimi.

Ukumbi ulinukia rangi na viatu vya mazoezi. Vijana waliketi sakafuni. Babu wa yule msichana wa Rif alitangulia, akaimba kidogo, watu wakafuta machozi. Kisha mwongozaji akamgeukia mama yangu, akauliza kwa upole: "Mama yako wewe, alikuwa akifanya nini kwa mikono yake?"

Mama hakungoja nimtafsirie swali. Alianza moja kwa moja, kwa Kiswahili chake chenye Kirundi ndani. Alisema mama yake alikuwa akishuka bondeni kwenye kinamasi kuchimba udongo, akisaga vigae vya vyungu vilivyovunjika akavichanganya na udongo mpya ili usipasuke motoni. Mikono yake ilikuwa ikizunguka hewani, nami nilitafsiri, na vijana wakaanza kuifuata mikono ile kwa mikono yao. Ilikuwa nzuri. Niliona fahari. Kisha mama akaweka mikono mapajani, akasema:

"Sisi ni Batwa. Watu walinunua vyungu vyetu, wakapikia watoto wao, lakini hawakutaka tuketi kwenye mkeka wao."

Wote wakanitazama, wakingoja.

Nikasema kwa Kifaransa: "Anasema sisi ni watu wa milimani. Watu walipenda sana vyungu vyetu."

Sijui nieleze vipi ilivyokuwa rahisi. Ilitoka kama salamu. Wala hapakuwa na mtu mle ndani wa kunidhuru: hapakuwa na Mrundi mwingine, hapakuwa na wifi, palikuwa na watoto na wazee ambao kila mmoja alikuwa ameleta jeraha la kwao akaliweka katikati. Mimi nikalificha la kwetu.

Mama alikuwa akinitazama mdomo. Neno Batwa halibadiliki kwa lugha yoyote. Kwa Kifaransa ni lile lile. Alikuwa akilisubiri. Nilipofika mwisho wa sentensi bila kulitaja, aliinamisha macho akaanza kunyoosha kitenge chake magotini, kukinyoosha tu, ingawa hakikuwa na mkunjo.

Binti yangu hakuligundua. Baadaye aliniambia alilisikia lile neno, lakini alidhani bibi kasema "batu", jinsi Wakongo wa jengo letu wanavyosema watu. Sisi ni batu. Aliona ni jambo zuri la kusema.

Tulirudi kwa tramu. Mama aliketi upande wa dirisha, mimi pembeni yake, binti yangu mbele yetu akiongea bila kupumua. Nilimwuliza mama kama amechoka. "Kidogo," akasema. Jumatano iliyofuata, alipoalikwa tena, alisema magoti yanamuuma. Na iliyofuata pia. Nilijua magoti yake yalivyo, mimi ndiye ninayeyakanda. Hayakuwa na shida.

Mwongozaji akanipigia simu. Alisema binti yangu anatengeneza onyesho refu kuliko wote, na kwamba wanataka kundi zima liwe na wimbo wa kuitikia, kila ukoo utajwe kwa jina lake halisi. "Watu wa milimani," aliuliza, "kwa lugha yenu wanajiitaje?"

Nilikuwa nimesimama kwenye korido ya kazini nimeshika beseni. Ningeweza kusema. Badala yake nikalitunga jina papo hapo, nikaliunga kwa vipande vya Kirundi. "Abanyamusozi," nikasema. Akaniomba nilirudie taratibu. Nikalirudia taratibu.

Uongo wa kwanza ulikuwa wa kunyamazia neno. Huu wa pili nilikuwa nimeuzaa mwenyewe, nikaupa jina. Na ukakua. Binti yangu alilichukua neno lile kama mtu aliyepewa dhahabu. Aliliandika kwenye mkono kwa kalamu. Alilisema akiosha vyombo, alilisema akisuka nywele mbele ya kioo. Baba yake akamwuliza ni wimbo gani huo, akamjibu kwa kiburi: "Ni sisi, papa." Mume wangu akacheka, akasema kumbe kwao mama mkwe kuna mambo, akaenda kuoga. Nami nilikuwa nimesimama jikoni nikikoroga mchuzi usiohitaji kukorogwa.

Siku ikafika binti yangu akamletea bibi yake simu. Vijana walikuwa wamerekodi kiitikio. "Bibi, sikia. Ni jina letu."

Sauti zikajaa jikoni. Watoto wa Rif, wa Andes, wa sehemu nisizozijua, wakipiga miguu sakafuni na kuita kwa nguvu zote: Abanyamusozi! Abanyamusozi! Walikuwa wakiimba kwa imani kubwa. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kichwa amekiinamisha upande mmoja.

"Zuri," akasema. "Limetoka wapi?"

"Maman ndiye alilisema."

"Ah." Akamrudishia simu mjukuu wake, akamshika shavu. "Mumeimba vizuri." Kisha akaenda chumbani kwake.

Nilimfuata. Alikuwa ameketi kitandani, anakunja mtandio. Nilisimama mlangoni kama mtoto aliyeitwa na mwalimu, na nikafanya jambo la aibu: badala ya kuomba radhi, nilijitetea.

"Mama, ni wewe uliyenifundisha. Ulisema nisiongeze kitu."

"Nilisema."

"Sasa kosa langu ni nini?"

Alipozungumza hakupandisha sauti, na ningependa angepandisha.

"Miye nilikufundisha kujificha kwa watu, ili uolewe, ili ule na wenzako. Sikukufundisha kunificha miye. Nilikuwa nimekaa pale, mwanangu. Nilikuwa nimekaa pale, nimelisema kwa kinywa changu. Unajua nimelishika miaka mingapi? Nikalitoa, weye ukalipokea, ukalitia mfukoni."

Nilipiga magoti nikataka kumshika miguu, akaniondoa mikono kwa upole, akasema anataka kuswali.

Niliamua nianze na mume wangu, maana sikutaka aje asikie mbele ya watu. Lakini nyumbani sikupata pa kuanzia. Jumapili tukaenda soko la Gare du Midi, kando ya kituo cha treni, kama kawaida yetu, yeye na mfuko wa magurudumu, mimi mbele nikichagua. Pale, kati ya mafungu ya nanaa na makelele ya wauzaji wakiita bei, nikamwambia. Labda nilichagua pale kwa sababu palikuwa na kelele.

Kwanza alicheka. Alidhani ni mchezo wa mtoto. Kisha akaniona uso.

"Bon," akasema. "Bon. Unaniambia hapa, katikati ya viazi?"

"Sikujua pa kukuambia."

"Tuna miaka yote hii pamoja."

"Najua."

Tukasogea, watu wakitusukuma. Akanunua machungwa ambayo hatukuyahitaji. Tulipofika chini ya daraja la treni akasimama.

"Ungeniambia kabla ya nikaha."

"Ungenioa?"

Nilitaka ajibu upesi. Treni ilipita juu yetu, ikaisha, na alikuwa bado hajajibu.

"Sijui," akasema mwishoni. "Hilo ndilo linaloniuma. Nataka kusema ndiyo, na sijui." Akavuta mfuko, tukaelekea kwenye tramu. Hakunisemesha siku ile, wala siku kadhaa zilizofuata, isipokuwa mambo ya nyumba. Ila nilimsikia asubuhi moja kabla ya zamu yake ya kuendesha basi akimwuliza mama kama ameamka salama, akimwita maman kama alivyomwita siku zote, na sauti yake haikuwa na mpasuko. Nilishukuru, na papo hapo nikaona haya kwamba jambo la kawaida kama hilo nimelishukuru.

Jumatano niliyokwenda ukumbini peke yangu ilikuwa inanyesha ile mvua ya hapa isiyo na mwisho wala nguvu. Nilimwomba mwongozaji dakika chache. Akawaita vijana wakae chini. Nilikuwa nimejiandaa maneno mengi, juu ya historia, juu ya Buyenzi na kile kikombe. Yalipotea. Nilisema tu kwamba siku ile sikutafsiri sawasawa, kwamba mama yangu alisema sisi ni Batwa, na kwamba jina wanaloliimba nililitunga mimi.

Kijana mmoja akauliza, "Maana yake haipo kabisa?" Nikasema ina maana, watu wa mlimani, ila hakuna watu wanaoitwa hivyo.

Mwongozaji alikunja uso. Sikumlaumu. Alisema karatasi za programu zimeshachapwa. Kisha akauliza kwa nini, nikasema niliogopa, naye akawatazama wale watoto waliokaa na soksi zao sakafuni.

"Uliwaogopa hawa?"

Binti yangu alikuwa amesimama nyuma, karibu na pazia. Alikuwa amejishika mkono pale alipozoea kuliandika lile neno. "Umeniacha nifanye mazoezi ya uongo," akasema kwa Kifaransa, mbele ya wote. "Umenisikia kila siku jikoni. Umenisikia, maman. Ukaendelea kupika."

Akachukua koti lake akatoka. Nilimfuata mpaka kituo cha tramu. "Usinifuate," akasema bila kugeuka. Nikasimama kwenye mvua, hatua chache nyuma yake, tukaingia tramu moja kupitia milango tofauti.

Alisema anaacha kikundi. Alisema hatapanda jukwaani, kwamba amewaaibisha wenzake. Siku zile nyumba yetu ilikuwa na watu wanne na hakuna mazungumzo. Aliyeivunja hali ile ni mama. Nilirudi kutoka kazini nikawakuta wameketi sakafuni sebuleni, miguu wameinyoosha, katikati yao unga wa ngano uliokandwa kwa maji, kwa kuwa hapakuwa na udongo. Mama alikuwa akizungusha kamba ya unga juu ya kamba nyingine, akipandisha ukuta wa chungu kidogo ambacho hakingefika motoni. Binti yangu alikuwa akijaribu, cha kwake kikianguka, wanacheka. Waliponiona wakaacha kucheka. Si kwa ubaya. Waliacha tu.

"Nitakwenda kwenye huo mchezo," mama akaniambia. "Nitasema mwenyewe. Lakini weye hautatafsiri."

"Nani atatafsiri?"

Akamwonyesha mjukuu wake kwa kidevu.

"Mama, Kiswahili chake..."

"Nakijua Kiswahili chake."

Siku ya onyesho ukumbi ulijaa. Wifi yangu alikuja kutoka Etterbeek na manukato yake. Mume wangu alikuwa amemwalika kabla ya yote haya, na hakumwambia kitu, wala hakumzuia. Mlangoni tuligawiwa programu. Vijana walikuwa wamekaa koridoni mchana kutwa na kalamu nyeusi: kwenye kila karatasi Abanyamusozi lilikuwa limekatwa mstari, na juu yake, kwa miandiko tofauti tofauti, limeandikwa Batwa. Niliketi nimeshika karatasi ile, jina langu la uongo likisomeka chini ya mstari. Wifi akaisoma. Akaisoma tena. Akamtazama mdogo wake, naye akatazama jukwaa.

Ilipofika zamu yao, mama alikaa kwenye kiti kimoja katikati ya mwanga, na binti yangu akasimama kando ya bega lake. Mama akaanza. Binti yangu akatafsiri, sentensi kwa sentensi, akikwama, akimwuliza bibi kwa kunong'ona, akirudi. Kinamasi alikiita bwawa dogo la kuogelea. Nilibana meno. Kila kosa lilikuwa na neno lake sahihi mdomoni mwangu, na sikuwa na ruhusa.

Kisha mama akasema: "Sisi ni Batwa." Na mtoto wangu, bila kukwama, kwa sauti niliyokuwa sijawahi kuisikia kwake, akasema kwa Kifaransa kwamba wao ni Batwa. Yeye na bibi yake. Nilitaka anitie na mimi. Hakugeuka upande wangu.

"Kunywa nasi," mama akaendelea, "kulikuwa ni mwiko."

Binti yangu akasita. Mwiko anaujua, ni ule wa kusongea ugali, uko kwenye droo ya jikoni. Akawageukia watu akawaambia kwamba kunywa pamoja na Batwa kulikuwa ni kijiko kikubwa cha mti.

Watu wachache walicheka kwa kutojua. Niliinuka nusu kwenye kiti. Mume wangu akanishika mkono akanirudisha chini. Jukwaani mama, ambaye neno la Kifaransa la kijiko analijua vizuri, alianza kucheka mwenyewe, mabega yakitikisika. Akamvuta mjukuu wake mkono. Akajifanya ana kikombe, akamnyooshea. Kisha akawa yule mtu wa pili, akakunja pua, akakisukuma kikombe mbali kwa ncha za vidole. Alifanya hivyo mara mbili. Nilimwona binti yangu akielewa. Nilimwona usoni, na lilikuwa jambo ambalo ningempa mimi miaka mingi iliyopita, nikiwa nimemshika, nyumbani.

"Ah," akasema taratibu. "Ilikatazwa. Mtu akitugusa, anachafuka."

Hakuna mfasiri ambaye angelifikisha vile. Wala mimi.

Baadaye palikuwa na chai na vyakula vilivyoletwa na familia. Yule msichana wa Rif alimkumbatia mama yangu. Mwongozaji alikuja akanishika bega, akasema amefurahi nilikuja, na sikujua kama alimaanisha siku ile au ile Jumatano ya mvua. Wifi hakula. Alisema ana safari ndefu, akavaa koti lake. Kwa mama alitoa mkono, akaurudisha upesi, akaondoka. Hajaja kwetu tangu siku hiyo. Mume wangu huenda kumtembelea peke yake na akirudi hasimulii. Sikukuu iliyopita tulikula wanne. Najua anabeba jambo ambalo mimi nilipaswa kulibeba mapema, au nimwachie achague kulibeba.

Binti yangu amenisamehe kwa namna ya vijana, yaani ameanza tena kuniomba nimpitishie chumvi. Na mama sasa huenda ukumbini Jumatano bila mimi. Wanamletea udongo halisi. Siulizi wanaongea nini. Nikiingia sebuleni wakiwa wanazungumza Kiswahili chao cha makosa, huwa naona nimechelewa kufika mahali.

Wiki chache zilizopita tulipata mfanyakazi mpya kazini, mwanamke wa Bujumbura. Tulikuwa tukitandika kitanda cha mzee mmoja aliyepelekwa kuoga. Aliposikia Kiswahili changu akafurahi, akauliza natoka mtaa gani.

"Buyenzi."

"Ah, weye Muswahili kabisa!"

"Ndiyo," nikasema.

Nikatoka kwenda kuchukua mashuka. Nilisimama mbele ya kabati lililo wazi, sikuona yaliyokuwemo. Hakuna aliyeniuliza kabila. Hakuna aliyenitisha. Ilikuwa imetoka tena, rahisi vile vile. Nikachukua shuka la juu, nikarudi chumbani.

"Mama yangu ni Mutwa," nikamwambia, bado nikiwa mlangoni.

Akanitazama kidogo. Sikuweza kuusoma uso wake, na bado sijui alifikiri nini.

"Ah bon," akasema. Kisha akanyoosha mikono. "Nipe upande huo."

Nikamrushia ncha ya shuka, tukaendelea kutandika.